Kosa la kufanya fujo hadharani: kifungu kiandikwe vipi?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ndogo iliyopewa kazi ya kupitia upya sheria ya makosa madogo. Kifungu kinachotugawa ni kimoja: "Mtu yeyote ambaye, akiwa mahali pa hadhara, anaenenda kwa namna ya fujo, ya kuudhi, ya kutukana au isiyo na staha, anatenda kosa, na atatozwa faini au kufungwa jela miezi sita, au vyote viwili." Baadhi yetu wanataka kifutwe kabisa, kwa kuwa kimekuwa kamba ya kumfungia yeyote asiyependwa na askari. Wengine wanaonya kwamba kikifutwa, polisi hawatakuwa na la kufanya watu wanapozipiga katikati ya kituo cha mabasi. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu mjumbe, pande zote mbili katika kamati yenu zina hoja, na kwa sababu hiyo sishauri mkifute kifungu hicho, wala sishauri mkitie viraka. Kiandikeni upya kuanzia kwenye kitenzi chake. Ubovu wake umo katika yale maneno manne ya sifa yanayofuata neno "namna", yaani ya fujo, ya kuudhi, ya kutukana, isiyo na staha. Maneno hayo hayaelezi mshtakiwa alitenda nini, bali yanaeleza mtazamaji alijisikiaje, na mtazamaji huyo mara nyingi ni yule yule aliyeshika pingu.

Nieleze kwa jambo nililoliona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea kijana aliyeshtakiwa chini ya kifungu kinachofanana sana na hiki chenu. Nilimuuliza shahidi wa kwanza, ambaye ndiye askari aliyemkamata, mshtakiwa alifanya nini. Akajibu kwamba alikuwa mkorofi. Nikamuuliza ukorofi huo ulikuwa wa kitendo gani, akasema kijana alizungumza vibaya. Maneno gani? Hakuyakumbuka, ila yalikuwa mabaya. Nani mwingine aliyasikia? Hakuna, kwani ulikuwa usiku na barabara ilikuwa tupu. Hakimu alikuwa ameinua kalamu ili aandike, akangoja, kisha akairudisha mezani. Hata hivyo mteja wangu alitiwa hatiani, na sikuweza kudai kwa dhati kwamba hakimu alikosea sheria, kwa sababu kifungu hakikudai kitendo. Kilidai namna, na namna hiyo askari alikuwa ameithibitisha kwa kinywa chake mwenyewe.

Mahakama za nchi mbalimbali zimelikuta tatizo hili na kulishughulikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulibatilisha katazo lenyewe kwa kukosa uwazi. Mwaka 1971, katika kesi ya Coates dhidi ya mji wa Cincinnati, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliipima sheria ndogo iliyowakataza watu watatu au zaidi kukusanyika kando ya barabara na kuenenda kwa namna inayowaudhi wapita njia. Mahakama iliona kwamba kinachomuudhi mmoja hakimuudhi mwingine, na kwamba raia hawezi kuijua mipaka ya katazo linalotegemea moyo wa mtu asiyemjua. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Papachristou dhidi ya mji wa Jacksonville, mahakama hiyo hiyo ilibatilisha sheria ndogo iliyowataja wazururaji, watembezi wa usiku na watu wanaotangatanga bila shughuli halali. Sababu zilizotolewa na Jaji William Douglas zilikuwa mbili, na ningependa kamati yenu izibandike ukutani: sheria ya aina hiyo haimpi raia onyo la kutosha, na inampa polisi uhuru usio na mpaka wa kuchagua nani akamatwe. Sababu ya pili ndiyo inayosahaulika. Watu hudhani uwazi wa sheria ni fadhila kwa mshtakiwa, kumbe ni hatamu kwa mkamataji.

Njia ya pili ni kukiacha kifungu lakini kukifinya kwa tafsiri, na humu ndimo mtakamopata maneno ya kuandikia. Mwaka 1992 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilisikiliza rufaa ya mtu aliyesimama kwenye kibaraza cha nyumba yake akamporomoshea matusi mazito jirani wa ng'ambo ya barabara, katika ugomvi uliohusu kelele za injini. Jirani aliudhika, na hilo halikubishaniwa. Swali lilikuwa kama kuudhika huko ni "vurugu" kwa maana ya kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya nchi hiyo. Mahakama, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Beverley McLachlin, ilijibu kwamba hapana: vurugu inayokusudiwa ni ile inayoonekana kwa nje, inayoingilia matumizi ya kawaida ya mahali pa hadhara. Mtu anaweza kukosa raha moyoni, hata akakosa usingizi, na bado amani ya umma ikawa haijaguswa.

Hilo la usingizi silisemi kwa mzaha. Huko New Zealand mtu mmoja, aliyekasirishwa na upekuzi uliofanywa kwake na askari wa kike, alikwenda nje ya nyumba ya askari huyo akijua kwamba ametoka zamu ya usiku, akagonga mlango, kisha akasimama kando ya barabara na bango lake, akapiga gitaa na kuimba wimbo wa kulalamika. Alitiwa hatiani kwa mwenendo wa fujo. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimwachia kwa kura tatu dhidi ya mbili, majaji walio wengi wakishikilia kwamba mwenendo wa fujo lazima uathiri utulivu wa umma, na kwamba kumkera mtu mmoja, hata kwa makusudi, hakutoshi peke yake. Nakiri kwamba kesi hiyo hunisumbua kila ninapoisoma, kwani askari akiwa nyumbani kwake ni raia kama sisi, na majaji wawili waliopinga walilitilia uzito suala hilo la faragha. Hata hivyo naona wengi walikuwa sahihi kuhusu kifungu kilichokuwa mbele yao. Kama bunge linataka kulinda faragha ya nyumba dhidi ya waandamanaji, liandike kosa la kuvamia faragha, lenye vipimo vyake. Lisiitwishe fujo mzigo usio wake.

Kutokana na kesi hizi mbili ninapendekeza kipimo kikuu cha kifungu chenu kiwe hiki: je, kitendo kiliwazuia au kiliwavuruga watu wengine katika kupatumia mahali pale kama panavyotumika siku zote? Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinathibitishwa kwa macho na masikio. Shahidi anaweza kusema abiria walishuka kwenye basi, wauzaji walifunga meza zao, mgonjwa alishindwa kupita mlangoni, wazazi waliwaondoa watoto. Hakimu ana la kuandika. Vilevile kipimo hiki kinatambua kwamba mahali hapafanani, kwani sauti inayozoeleka kabisa uwanjani wakati wa mechi inaweza kuwa vurugu katika chumba cha kusubiria hospitalini, bila bunge kulazimika kuorodhesha sehemu zote hizo.

Sasa tuje kwenye neno "kutukana", ambalo nadhani ndilo mtakalobishania zaidi. Uingereza inatoa somo zuri kwa sababu ilijaribu njia zote. Mwaka 1971 mshairi wa Afrika Kusini Dennis Brutus aliingia kwenye kiwanja cha tenisi cha Wimbledon wakati wa mchezo uliomhusisha mchezaji kutoka Afrika Kusini, akapuliza filimbi na kusambaza vipeperushi vya kupinga ubaguzi wa rangi. Watazamaji walikasirika, naye akashtakiwa kwa mwenendo wa kutukana. Mwaka 1972 majaji wa House of Lords, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini humo, walisema kwamba "kutukana" ni neno la kawaida lenye maana yake ya kawaida, na kwamba kitendo hakigeuki tusi kwa sababu tu kimewachukiza waliokitazama. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini neno lilibaki, likahamia katika kifungu cha 5 cha sheria ya utulivu wa umma ya mwaka 1986, na miaka yote iliyofuata liliendelea kutumika dhidi ya wahubiri wa barabarani na waandamanaji. Hatimaye bunge lilikubali kwamba mahakama kufafanua neno kwa hekima hakumzuii askari kukamata leo na kesi kufutwa baada ya miezi sita. Sheria ya mwaka 2013 ililiondoa neno hilo katika kifungu cha 5, na mabadiliko yakaanza kutumika tarehe 1 Februari 2014. Vitisho na lugha ya unyanyasaji vilibaki, na utulivu wa nchi haukuporomoka. Ninyi pia liondoeni. Tusi linaloambatana na tishio litakamatwa na neno "tishio". Tusi linalomwandama mtu siku hadi siku ni la sheria ya unyanyasaji. Tusi la mara moja, lililotupwa na kupita, halistahili kumpeleka mtu jela.

Mtaulizwa bila shaka: na anayemtukana askari? Jibu langu ni kwamba kifungu kiseme waziwazi kuwa askari aliye kazini hahesabiwi peke yake kuwa umma uliovurugwa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Uingereza ilifuta hatia ya kijana aliyetoa maneno machafu mbele ya maofisa waliokuwa wakimpekua kutafuta bangi, kwa hoja kwamba maofisa husikia maneno hayo mara nyingi mno hata haiwezi kudhaniwa tu, bila ushahidi, kwamba yaliwafadhaisha. Nchini Marekani, katika kesi ya mwaka 1987 iliyouhusu mji wa Houston, ilibatilishwa sheria ndogo iliyofanya kosa kumkatiza askari kwa maneno. Askari anayezuiwa kufanya kazi yake analindwa na kosa la kumzuia ofisa, ambalo karibu kila nchi inalo, na anayepigwa analindwa na kosa la shambulio. Kinachobaki baada ya hayo mawili ni hadhi iliyojeruhiwa, na sioni sababu ya dola kuitibu kwa kifungo.

Kifungu chenu pia hakisemi lolote kuhusu nia, na hilo ni pengo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu mwenye maradhi yanayomfanya apayuke, kiziwi asiyejua ukubwa wa sauti yake, mfiwa anayelia kwa uchungu mlangoni mwa hospitali, wote wanaingia katika maneno mliyonayo. Kanuni ya Adhabu ya Mfano iliyoandaliwa na Taasisi ya Sheria ya Marekani mwaka 1962, ambayo majimbo mengi ya nchi hiyo yaliiga kwa viwango tofauti, inadai mtu awe amekusudia kuleta usumbufu kwa umma, au awe ameutambua uwezekano huo na kuupuuza. Iigeni hapo. Iigeni pia katika jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo bora zaidi ndani yake: kwa kawaida kosa hilo ni la hadhi ya chini kabisa, na linapanda daraja ikiwa mtu alikusudia madhara makubwa au usumbufu mzito, au aliendelea baada ya kuonywa au kuombwa aache. Onyo hilo linafanya kazi tatu kwa mara moja. Linampa mtu nafasi ya kujirudi, linathibitisha nia ya anayekaidi, na linamlazimisha askari kuzungumza kabla ya kukamata, hivyo kumlazimisha kukitaja kitendo anachotaka kikome. Msiige, hata hivyo, maneno yake kuhusu kauli chafu zenye kuchukiza, kwa sababu pale kanuni hiyo nayo iliteleza na kurudi kwenye sifa.

Kuna tatizo moja ambalo waandishi wa vifungu hulikwepa, nalo ni kundi la watu wenye hasira. Mtu anahutubia kwa utulivu, wasikilizaji wanachukizwa na kuanza kurusha mawe. Nani kafanya fujo? Ukipima matokeo peke yake utamkamata mhutubu, kwa sababu bila yeye mawe yasingerushwa. Jibu la Uingereza tangu kesi ya Beatty dhidi ya Gillbanks ya mwaka 1882, ambamo wafuasi wa Salvation Army, jumuiya ya Kikristo, walikuwa wakiandamana kwa amani na kushambuliwa na kundi lililowapinga, ni kwamba mtu anayetenda jambo halali hawi mkosaji kwa sababu tu wengine watalijibu kwa uhalifu. Andikeni hilo ndani ya kifungu chenyewe. Mkiliachia mahakama, litafahamika kwa mawakili na kubaki fumbo kwa askari wa doria, ambaye kwake ni rahisi zaidi kumwondoa mtu mmoja kuliko kuwatuliza mia moja.

Kwa hayo yote, rasimu ambayo ningeileta mezani kwenu ingesomeka hivi: "Mtu anatenda kosa la kufanya fujo hadharani iwapo, akiwa mahali pa hadhara, bila sababu halali, anapigana, anatishia kumdhuru mtu au mali, anapiga kelele zilizozidi kiasi kwa kuzingatia mahali na wakati, au anaziba njia au mlango unaotumiwa na umma, na kitendo hicho kinavuruga kwa kiwango cha kuonekana matumizi ya kawaida ya mahali hapo kwa watu wengine, na mtu huyo amekusudia matokeo hayo, au ametambua kwamba yanaweza kutokea na hakujali. Mtu hatatiwa hatiani kwa sababu tu maneno au maoni yake yamemuudhi aliyeyasikia, wala kwa sababu watu wengine waliyajibu kwa vurugu. Isipokuwa pale ambapo mtu anapigana au anatishia kudhuru, ofisa hatamkamata kabla ya kumtaka aache kitendo kilichotajwa na kumpa muda wa kutosha kutii."

Kila neno hapo linaweza kubishaniwa. "Sababu halali" linamlinda anayejitetea anaposhambuliwa. "Kelele zilizozidi kiasi" ni neno la sifa lililosalia, nami nimeliacha nikijua, kwa kuwa sijawahi kuona kifungu cha kelele kisichohitaji kipimo cha kiasi. Lakini angalau limefungwa kwa mahali na wakati, na limefungwa tena kwa sharti la matokeo. "Mahali pa hadhara" lipewe tafsiri yake katika sehemu ya tafsiri: mahali ambapo umma, au sehemu kubwa ya umma, una haki au ruhusa ya kuingia. Maneno yaliyoandikwa mtandaoni yaachwe nje kabisa, maana mtandaoni hakuna njia ya kuziba wala kituo cha kuvuruga.

Mjihadhari pia na kinachotokea baada ya kifungu kufinywa. Uskoti walikuwa na kosa la uvunjifu wa amani lililojengwa na maamuzi ya mahakama badala ya kuandikwa na bunge, ambalo kwa miaka mingi lilitumika kwa karibu kila jambo. Mahakama zao zililibana, kwanza mwaka 2001 kwa kudai kitendo kiwe kizito kiasi cha kuwatia hofu watu wa kawaida na kutishia utulivu wa jamii, kisha mwaka 2009 kwa kusisitiza kwamba lazima kuwe na sura ya umma. Mara moja likajitokeza pengo: vitisho vya faraghani, hasa majumbani, ambavyo vilikuwa vikishtakiwa kwa kosa lile pana, vikabaki bila kosa. Bunge la huko likaandika kosa jipya la mwenendo wa vitisho katika sheria ya mwaka 2010. Kwa hiyo, kabla ya kupitisha rasimu, ombeni majalada ya kesi za kifungu cha zamani na myasome moja baada ya jingine, mkijiuliza kila kesi ingeangukia wapi. Nyingine zitaingia katika rasimu mpya. Nyingine zitahitaji kosa lake, kama vile vitisho vya nyumbani. Nyingi, nabashiri, hazitaangukia popote, na hizo ndizo zitakazowaonyesha kifungu kilikuwa kikifanya kazi gani.

Miongoni mwa hizo zisizoangukia popote mtawakuta watu waliokamatwa kwa kuwa tu walivyo: hawana makazi, hawana kazi, walikuwa wakiomba. Kwa nchi za Afrika suala hilo halina mjadala mrefu tena. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, ambazo nyingi zina asili yake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Mahali pengine popote hoja ni ile ile, kwani kosa lazima liwe tendo.

Kuhusu adhabu sitasema mengi. Miezi sita ni mingi mno kwa kosa ambalo likiwa zito huwa tayari ni shambulio, vitisho au uharibifu wa mali. Faini itoshe kwa kosa la kwanza, na kifungo kifupi kibaki kwa anayekaidi onyo katika mazingira ya vurugu kubwa, kama mtaona ni lazima kibaki. Faini nayo isigeuzwe kifungo kwa asiye na uwezo wa kuilipa, la sivyo mtakuwa mmemrudisha mzururaji gerezani kupitia mlango wa nyuma.

Hatimaye wekeni masharti ya mpito, ambayo kamati nyingi husahau hadi siku ya mwisho. Semeni wazi nini kitatokea kwa waliokwisha kushtakiwa chini ya kifungu cha zamani siku sheria mpya inapoanza. Pendekezo langu ni kwamba upande wa mashtaka upewe siku 60 za kubadilisha hati ya mashtaka ili itaje kitendo kinachotambuliwa na kifungu kipya, na kesi ambayo haitabadilishwa ndani ya muda huo ifutwe bila mshtakiwa kulazimika kuomba.